Mwalimu Notburga na Maharage ya Kengele ya Kwanza

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zetu mliopanda kutoka ziwani na majirani wa hapa Litembo, mimi ni Tarsisi, shemeji wa marehemu, familia imenituma niwasomee safari ya Mwalimu Notburga Egidi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1970 Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, akasoma shule ya msingi hapohapo na sekondari Songea, mwaka 1993 akahitimu ualimu, akapangiwa kufundisha fizikia huku kwetu, somo ambalo wengi tulilikimbia, yeye akalishika mpaka alipougua.

Tarehe 7 Oktoba 1995 alifunga ndoa na kaka yangu Stanslaus, na Jumapili ya kwanza ukweni, yeye ambaye tangu aje huku alikuwa akila chakula cha shule, akainjika maharage ilipolia kengele ya kwanza ya misa, kama wafanyavyo kwao, maana ziwani mkitoka kanisani yameshaiva, lakini huku mlimani, jamani, tulitafuna changarawe, na Jumapili iliyofuata vilevile, mpaka mama yetu, Mama Asteria, akaitisha kikao, akasema bibi harusi huyu mvivu, arudishwe kwao.

Marehemu alilia, hilo tulilisikia, ila hakununa, alimwomba mkwewe washuke wote Lituhi na maharage yaleyale, akamwachia jiko, naye mama akapika kwa muda wake wa Litembo, yakawa uji, akacheka mpaka akakaa chini. Hapo marehemu akachovya kipimajoto cha shule kwenye maji yanayotokota, kikasoma nyuzi tisini na nane, na waliporudi huku kikasoma tisini na tano, akatueleza kwamba hewa ya mlimani ni nyepesi, haiyakandamizi maji sawasawa, ndiyo maana yanachemka kabla hayajapata joto la kutosha, na hata uchochee kuni namna gani joto halipandi, dawa ni kuwahi kuinjika. Kikao kile hakikuzungumzwa tena.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Aurelia na Othmar.

Mwaka 2023 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa hapa na Songea, na Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa kumi jioni, alituacha. Ndugu zake waliomba akazikwe Lituhi, na Mama Asteria, mwenye miaka tisini sasa, akagonga fimbo chini akasema huyu ni mwanangu, harudishwi mtu.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, walimu wenzake na majirani mliokesha nasi, na tafadhali msiondoke bila kula, maharage ameyainjika mama mwenyewe, kabla ya kengele ya kwanza.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, hapa ndipo kwenu.