Shangazi Aliyegusa Miguu Kwanza

Baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha dharura, muuguzi mkuu tunayemwita Shangazi anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Alianza kazi enzi za sindano za kuchemshwa, na anaondoka akiwa amezika mashine kumi na moja za kupima presha. Hakuna hata moja aliyoiamini.

Kila mfanyakazi mpya alifundishwa naye somo moja: gusa miguu ya mgonjwa kwanza. Alipenda kusema kuwa mficha maradhi wa kwanza ni mwili wenyewe. Damu ikipotea, neva zinazofanya kazi bila kutuuliza huibana mishipa ya ngozi, huuharakisha moyo, na damu iliyobaki huipeleka kwenye ubongo. Presha inasoma vizuri, kumbe miguu imekuwa barafu. Sisi madaktari wapya tulimcheka, tukisema anasalimiana na nyayo.

Miaka tisa iliyopita aliletwa fundi wa paa aliyeanguka kutoka ngazini. Presha ilikuwa nzuri. Moyo ulikwenda mbio na jasho lilimtoka, lakini daktari wa zamu aliandika kuwa ni hofu tu, akamruhusu aende nyumbani. Shangazi alimshika fundi miguu, akavificha viatu vyake nyuma ya kabati asiondoke, kisha akamwita daktari wa upasuaji bila kuomba ruhusa ya mtu. Wengu ulikuwa umepasuka na tumbo limejaa damu. Presha iliporomoka wakiwa mlangoni pa chumba cha upasuaji. Fundi alipona.

Daktari wa zamu nilikuwa mimi. Jarida hili hili la hospitali yetu lilinisifu kwa jicho kali, na picha juu. Mke wa fundi alinishika mikono akilia kwa shukrani, Shangazi akiwa hatua mbili kutoka hapo, nami nikapokea. Kesho yake nilitaka kumwambia neno, nikaishia kumsalimia. Yeye alinijulisha tu kuwa mgonjwa wa kitanda cha tatu ananisubiri. Hajawahi kunisema. Kwa miaka tisa nimeona aibu kila nilipomsalimia.

Juzi niliwapigia simu fundi na mkewe, nikawaeleza ukweli. Mke aliuliza Shangazi atakaa meza gani siku ya sherehe ya kumuaga.

Shangazi, asante kwa yote, na Mungu akujalie mapumziko yenye afya na vicheko. Nakuomba radhi hapa mbele ya watu, maana sifa zako nilizipokea mbele ya watu.