Mwalimu wa Choo: Maisha ya Marehemu Pelagia Nestori

Padre, ndugu, majirani, walimu wenzake marehemu, na nyinyi mliokuja tu kutazama nani analia na nani halii, familia ya mzee Nestori imemtuma Kipriani, mdogo wake marehemu, ndiye huyu aliyesimama mbele yenu, awasomee maisha ya dada yake, na anaomba radhi mapema, maana hakuyaandika kwa upole.

Marehemu Pelagia alizaliwa hapa Muyama, wilaya ya Kasulu, tarehe 14 Machi 1938, mtoto wa pili kati ya sita, akasoma shule ya misheni, kisha chuo cha ualimu, akahitimu Desemba 1956, wakati ambapo wanaume wa ukoo huu, ambao leo wamevaa makoti na kujiita wapenda elimu, walimwambia baba kwamba kumsomesha msichana ni kulisha ng'ombe wa jirani. Januari 1957 alianza kufundisha Nyakitonto, tarehe 2 Julai 1960 akafunga ndoa na Bazilio, fundi cherehani, wakajaliwa watoto watatu, na mwaka 1973 akahamishiwa shule moja ya msingi mjini Kibondo, mumewe na watoto wakamfuata.

Januari 1975 alipewa darasa la kwanza, na humo alikuwamo Tunu, binti wa Saidi muuza vitambaa, mtoto wa miaka saba, mwoga, mwenye sauti isiyofika dawati la pili, ambaye kila siku kabla ya saa sita alikuwa amejikojolea. Mwalimu mkuu, Bwana Pasikali, mtu aliyejua kufunga tai kuliko alivyojua kufundisha, alimsimamisha mstarini na sketi yake iliyolowa, akawaambia watoto mia mbili wacheke, nao wakacheka, na walimu waliokuwa pale wakacheka pia, kwa kuwa kucheka na mkubwa ni kazi isiyodai cheti. Kamati ya shule ikakutana, ikanywa chai, ikaamua kwamba mtoto hajapevuka na akifika Pasaka bado hivyo arudishwe kwao, na Saidi, kwa aibu, akasema akirudishwa hatatoka tena, atakaa nyuma ya duka mpaka aolewe.

Marehemu mwenyewe alikiri kwamba wiki ya kwanza naye alimfokea, akidhani ni ukaidi, na jambo hilo lilimuuma mpaka mwisho. Kisha akafanya kitu ambacho vichwa vyote vile vya kamati havikukifikiria, akamshika mtoto mkono, akaenda naye mpaka mlangoni mwa choo, akachuchumaa nje, akamuuliza anaogopa nini. Siku nne mtoto hakujibu, siku ya tano akasema, "Mwalimu, shimo kubwa. Halafu hamna maji."

Ndugu waombolezaji, hilo ndilo lililokuwa fumbo zito la wasomi wetu. Choo kile kilichimbwa haraka haraka ili wakaguzi wa wilaya wakikute, na tundu likapimwa kwa miguu ya wanaume wazima wa kamati. Tena watoto wa huku kwetu walijifuta kwa majani wakaenda zao, lakini Tunu alifundishwa na mama yake, Mwanaamina, kwamba mtu hatoki chooni bila kutawaza kwa maji, na pipa pekee la maji pale shuleni lilikuwa la kumwagilia maua ya mbele ya ofisi ya Bwana Pasikali. Kwa hiyo mtoto alikuwa na hofu mbili, ya kutumbukia na ya kutoka na najisi, akaona heri ajizuie, mpaka mwili unamshinda.

Marehemu alimwambia Bazilio apige mbao mbili kupunguza lile tundu, akawa anakuja na kopo la maji kutoka nyumbani, akimpeleka Tunu kabla ya mstari, kabla ya mapumziko na kabla ya kurudi kwao, yeye akibaki nje akiimba ili mtoto ajue hajaachwa, na siku alizolowa alibadilishwa sketi nyingine, aliyoshona Bazilio, bila kuambiwa neno. Pasaka ilifika bado hajaweza, na marehemu akaenda kwenye kamati akaapa kwamba mtoto akiondolewa na yeye ataondoka, wakamwongezea miezi mitatu. Tarehe 11 Juni 1975 Tunu aliomba ruhusa mbele ya darasa zima, akaenda peke yake, akarudi akakaa, na somo likaendelea.

Shukrani aliyoipata ni jina la Mwalimu wa Choo, lililotungwa ofisini na kutembezwa sokoni, na barua iliyopelekwa wilayani kwamba anadekeza watoto na kutumia vibaya maji ya shule, maji ambayo aliyabeba kichwani mwenyewe. Januari 1976 akarudishwa Nyakitonto, mbali na mumewe na watoto, naye hakubisha, alimwomba tu mwalimu Tamimu, aliyepokea darasa, asiache lile kopo, na Tamimu hakuliacha.

Julai 1978 alianza kuvimba miguu, ikaonekana ni figo, akalazwa mara tatu, na tarehe 6 Oktoba 1979, saa nne asubuhi, akafia mikononi mwa Bazilio. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Nyakitonto waliompikia uji, mwalimu Tamimu, na wote mliochimba kaburi.

Bwana Pasikali naye amefika, kwa uso mkavu ameketi kiti cha mbele, na asubuhi ametuma mtu kuomba dakika tano amwelezee marehemu kama mwalimu ambaye yeye ndiye alimlea kikazi. Familia imelijadili ombi hilo kwa muda wa kumeza mate, na jibu ni hapana, dakika hizo amepewa Tunu Saidi, wa darasa la tano, aliyepanda lori na mama yake kutoka Kibondo, ambaye jana alikuja kwa wafiwa akasema ana la kusema.

Dada Pelagia, kazi umeimaliza, Bwana akupumzishe kwa amani. Tunu, mwanangu, njoo mbele, nao watanyamaza.