Kesi ya Umri wa Dunia

Mbele ya duka la kushona nguo kulikuwa na benchi la mbao, na kila alasiri, jua likishavuka paa, waliolikalia walikuwa wale wale. Pindo, mwenye duka, alipata jina hilo kwa sababu hakuna suruali iliyopita mbele yake asiikague pindo, hata kama mwenyewe bado kaivaa. Spana alikuwa fundi wa magari. Shemasi, mstaafu wa posta, alikuwa shemasi kweli, wa kanisa walimosali wote. Birika la kahawa liliwekwa katikati yao. Siku hiyo Pindo hakuwa na raha. Bintiye, mwalimu wa sayansi shuleni na wa watoto kanisani, alikuwa amelalamikiwa na wazazi: eti Jumapili aliwafundisha watoto wao kwamba dunia ina mamilioni ya miaka. Jioni ile wazee wa kanisa wangekaa kumjadili, na Pindo alikuwa mmoja wao.

— Sasa mimi nikae upande gani? aliuliza. Nikimtetea, wataniambia ni kwa sababu ni mwanangu. Nikinyamaza, nitakula wapi? Anayepika ni yeye.

— Kaa upande wa Maandiko, alisema Shemasi. Siku sita ni siku sita.

— Hizi hizi za asubuhi na jioni? aliuliza Spana.

— Ulitaka zipi?

— Nauliza tu, mzee wangu. Jua si liliumbwa siku ya nne? Zile za kwanza zilipimwa kwa kitu gani?

Shemasi akakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

— Mungu hahitaji jua ili ajue saa.

— Basi huenda siku yake ni ndefu kuliko yangu. Ila mimi nina maelezo mazuri zaidi. Adamu aliumbwa mtu mzima, sivyo? Hakuanza na kutambaa. Na dunia ni hivyo hivyo. Imetoka kiwandani mpya kabisa, lakini ukitazama mita, kilomita zimejaa.

— Unasema Mungu kachezea mita?

— Sijasema kachezea.

— Wanaochezea mita ni nyinyi mafundi. Usimbebeshe Mungu mambo ya gereji yako.

Hapo akatokea Kiwembe, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye huwa hakubali mjadala umpite. Ndani alikuwa amemwacha mteja na nusu ya ndevu.

— Mnazungumzia wale mijusi wakubwa wa zamani? Hilo dogo. Waliingia safinani.

— Wangeenea wapi? aliuliza Spana. Mfupa mmoja ni kama nguzo ya umeme.

— Wakiwa mayai. Nuhu hakuwa mjinga. Unachukua mayai mawili, unayafunika kwa majani, basi.

— Na lipi la jike, lipi la dume, alijuaje?

— Hakujua. Ndiyo maana leo hawapo. Alibeba madume matupu.

Shemasi alijaribu kukasirika, kahawa ikamtokea puani. Hata Pindo alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani.

— Nyinyi mnacheka, alisema. Mamilioni hayanisumbui. Tangu mama yake huyu binti afariki, tunakaa naye kanisani mimi na yeye, kitabu kimoja cha nyimbo. Tangu Jumapili hasemi kitu. Naogopa nitakuja kukaa pale peke yangu.

Spana akammiminia kahawa.

Wakati huo akafika muuguzi aliyehamia mtaani karibuni, amebeba sare iliyoharibika zipu. Akawaamkia, wakaitikia, akasimama kungoja. Kwa kuwa Kiwembe hawezi kumwacha mtu asimame bila kumpa habari, alimweleza kesi yote, pamoja na mayai.

Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho.

— Samahani, wazee wangu. Huyo mwalimu aliwaambia watoto nini hasa?

Shemasi alisema yeye kaambiwa na mkewe, ambaye kaambiwa na jirani. Spana alikuwa kaambiwa na Shemasi. Kiwembe alisikia kwa mteja, si yule wa ndani, mwingine. Wote wakamgeukia Pindo.

— Si unaishi naye? aliuliza muuguzi.

Pindo aliweka kikombe chini, akapitia mlango wa nyuma hadi uani. Bintiye alikuwa amepakata ungo, anachambua mchele.

— Mwanangu, Jumapili uliwaambia nini watoto wa watu?

— Nilidhani hutaniuliza, baba.

— Haya, nimeuliza.

— Mmoja alitaka kujua kama dunia ni nzee kuliko bibi yake. Nikasema ni nzee mno. Wanaochunguza mawe wanahesabu kwa mamilioni. Mwingine akauliza kwa nini Mungu alichukua muda wote huo. Nikamwambia sijui, ila mtu anayekipenda anachokitengeneza hakifanyi kwa haraka. Tukaomba, tukatawanyika.

— Na wewe, bado unaamini?

Binti aliacha mchele.

— Naamini, baba. Hata wakininyang'anya darasa, nitakuwa palepale pembeni yako. Nilinyamaza kwa sababu niliona unanikwepa.

Pindo alivuta kigoda, wakachambua mchele pamoja.

Jioni kikaoni aliyarudia maneno yale yale, bila kuongeza wala kupunguza. Kuhusu umri wa dunia hawakuelewana hata kidogo. Mzee mmoja aligonga meza, mwingine akasema meza yenyewe ni ya juzi na imeshalegea. Lakini binti akaachiwa darasa lake, kwa sharti kwamba Shemasi awe anakaa ndani kusikiliza.

Jumapili iliyofuata Pindo alisimama dirishani kuchungulia. Shemasi alikuwa ameketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yamekaribia masikio, uso kama wa hakimu. Msichana mdogo wa mbele alimgeukia, akamtazama mvi kwa makini.

— Babu, Mungu alipokuwa anaumba, wewe ulikuwepo?

Shemasi alijiweka sawa kwenye kile kiti kidogo. Akamtazama mwalimu, ambaye hakumsaidia.

— Hapana, mjukuu wangu, alisema. Nilichelewa kidogo.