Mnara Asioutaka Mzee

Kwenye basi la kutoka Rungwa kwenda Itigi, nyuma yangu mzee mmoja alikuwa anamweleza mama aliyekaa naye kwa nini anapinga mnara wa simu kujengwa karibu na shamba lake. "Yale mawimbi yanapita mwilini, mama. Yanakausha damu. Hata nyuki wangu watahama." Sikuwahi kumsikia nyuki akilalamika, lakini sikuulizwa.

"Baba, naomba nikwambie," mama akasema taratibu. "Wifi yangu alishikwa na uchungu. Kaka akakimbia mpaka kile kilima cha mbele kutafuta mtandao, aite gari. Aliporudi, mtoto ameshazaliwa, hapumui. Huyo aliuawa na mawimbi gani?"

Mzee akasema, "Pole sana, mwanangu. Lakini mawimbi ni mawimbi."

Tulipofika kilimani dereva akasimama, kama kawaida yake, abiria wapige simu. Mzee akashuka wa kwanza, akapanda juu ya kichuguu, akaibana simu sikioni kwa mikono miwili. Mama akasimama chini, akisubiri zamu yake.

"Naftali!" mzee akapaza sauti. "Waambie hapo mkutanoni Itigi, mimi mnara sitaki!"