Bomba Jembamba la Oili: Maisha ya Fundi Masizi

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake na wote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza, familia imemtuma mdogo wa marehemu, yule aliyefundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na mmoja, asome maisha ya dada yake, naye anaomba tangu mwanzo mumsamehe akisoma kwa furaha, kwa sababu maisha haya, kila akijaribu kuyasoma kwa sauti ya huzuni, yanamponyoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1961, mtoto wa pili kati ya watano wa baba seremala na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Jina la Masizi alipewa na baba akiwa na miaka saba, siku alipoifungua taa ya chemli kipande kwa kipande ili ajue kwa nini kioo chake kinakuwa cheusi kila siku, akakuta matundu ya hewa yamezibwa na vumbi, akayazibua kwa sindano ya mama, taa ikawaka kwa mwanga mweupe, naye akabaki mweusi hadi masikioni, na tangu hapo hata mwalimu mkuu alisahau jina lake la kwenye daftari la mahudhurio.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, sekondari kuanzia 1976 hadi 1979, kisha akajiunga na chuo cha ufundi wa magari mwaka 1980, msichana peke yake kati ya wanafunzi thelathini na wanne, akamaliza mwaka 1982 akiwa wa tatu, na wale wawili waliomtangulia aliendelea kuwataja kila Krismasi na kila Idi, maana hakuwahi kukubali.

Tarehe 3 Januari 1983 aliajiriwa kuwa fundi msaidizi katika karakana ya magari ya hospitali, ile yenye milango miwili ya bati na shimo la kukagulia magari katikati, na kwa miaka minane ya kwanza alibadilisha breki, akaziba pancha, akasikiliza utani wa wanaume, akaurudisha ukiwa na chumvi zaidi ya ulivyokuja. Novemba 1990 yaliletwa magari matatu mapya ya wagonjwa, yote ya dizeli, yote yenye tabo, na hapo ndipo maisha ya dada yetu yalipowaka moto.

Kwa kuwa wapo hapa watoto, na wapo wakubwa wanaoona haya kuuliza, inafaa kueleza kidogo. Tabo ni pangaboi dogo ndani ya nyumba ya chuma, linazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nalo huisukumia injini hiyo hewa ya ziada, ndiyo maana gari hupanda mlima bila kuguna. Linazunguka kwa kasi kuliko jicho linavyoweza kufuata, linapata joto kali mno, na kinacholiokoa ni oili inayolifikia kupitia bomba jembamba kama kalamu ya risasi. Sasa dereva akifika mbio na kuzima gari hapo hapo, oili inasimama ndani ya chuma kinachochoma, inaungua kama mafuta yaliyosahaulika kikaangoni, inaganda kuwa ukoko mweusi, kesho unakuja ukoko mwingine juu yake, mpaka bomba linaziba, tabo inakosa oili, inakufa.

Tarehe 4 Februari 1991 tabo ya gari la pili ilikufa hivyo, Masizi akakabidhiwa kazi ya kufunga mpya, kazi yake kubwa ya kwanza, akaifunga kwa siku moja na kusifiwa na kila mtu. Siku kumi na tisa baadaye, tarehe 23 Februari, tabo hiyo mpya ikafa katikati ya mlima, mama mjamzito akiwa ndani, na ingawa gari jingine lilimfikisha na mtoto akazaliwa salama, wakubwa walitaka mtu wa kulaumiwa, wakamchagua dereva. Dereva huyo aliitwa Upepo kwa ajili ya mwendo wake, alikuwa na mama mgonjwa aliyemtegemea kwa kila kitu, naye akapewa barua ya kujieleza ndani ya siku saba kabla ya kufukuzwa kazi.

Lazima isemwe kwamba Masizi hakumpenda Upepo hata kidogo, kwa sababu ndiye aliyekuwa akipita karakana na kumwuliza kama leo anatengeneza gari au analisuka nywele. Lakini siku ya tano, wenzake walipokwenda kula mchana, alilifungua tena gari lile, akalitoa lile bomba jembamba, bomba la zamani ambalo alilirudisha mwenyewe kwenye tabo mpya kwa kuwa kwa nje lilikuwa linang'aa, akalikata kwa msumeno wa chuma, akakuta ndani limejaa ukoko mgumu, tundu lililobaki halipitishi hata sindano. Alimsimulia mdogo wake kwamba alikaa juu ya tairi akiwa na vipande viwili mkononi, akijua kwamba barua ya kumpandisha cheo kuwa fundi kamili iko mezani kwa mkuu wa usafiri inasubiri sahihi, kwamba hakuna aliyemwona, na kwamba pipa la vyuma chakavu liko hatua tatu kutoka alipokaa.

Alivifunga vipande vile kwenye kitambaa, akavuka uwanja na ovaroli lake chafu, akaingia ofisini bila kubisha hodi, akaviweka juu ya barua yake mwenyewe na kusema, "Mkuu, tabo hii haikuuawa na dereva. Niliiua mimi."

Mkuu wa usafiri alisema kwamba Masizi ameokoa dereva na kupoteza fundi, akamrudisha kuosha vyuma kwa dizeli kwa miezi sita, cheo kikalala. Lakini Masizi hakutoka ofisini, alisimama pale pale na kuomba gari moja, gari hilo hilo, alilee yeye kwa mwaka mzima, na tabo ikifa tena ataondoka mwenyewe bila barua, na Upepo, aliyekuwa ameitwa kupewa habari njema, akajikuta anasema kwamba kama ni hivyo, yeye ndiye atakayeliendesha.

Basi Agosti 1991 gari lilifungwa tabo nyingine na bomba jipya, ukaanza mwaka wa vituko, wapendwa. Oili ilibadilishwa kila kilomita elfu tano pamoja na filta yake, oili ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari na si ile iliyopo tu stoo, filta ya hewa ilikaguliwa kila wiki, na kila Upepo alipokwisha kushusha mgonjwa alitakiwa aiache injini ingurume taratibu dakika mbili ipoe kabla ya kuzima, jambo ambalo kwa mtu wa aina yake lilikuwa kifungo. Alinung'unika, akaambiwa asubiri, akageukia upande wa pili, akakaa saa nzima akiongea na walinzi huku injini inaunguruma, akakaripiwa tena, kwa maana kuunguruma bure nako hujaza masizi, na mara moja kwa wiki alitumwa barabara kuu alikimbize gari mwendo mzuri ili lipate joto na kujisafisha, na hapo, wanasema walinzi, alitabasamu kama bwana harusi. Fundi mzee aliyeitwa Profesa alitangaza mbele ya wote kwamba bomba likikutwa safi, yeye atamfulia Masizi ovaroli mwezi mzima.

Tarehe 12 Agosti 1992, gari likiwa limetembea kilomita elfu arobaini na moja tangu tabo hiyo ifungwe, karakana ilijaa, wauguzi walikuja, mpishi alikuja na mwiko, mkuu wa usafiri akaja na miwani zake mbili. Spana ilimponyoka Masizi, Upepo akaiokota na kumpa bila utani wowote. Alilegeza nati, akalichomoa bomba, akaliinua kuelekea mlangoni, akachungulia, akampa mkuu, mkuu akachungulia kwa miwani moja na kisha kwa nyingine, akasema anaona mwanga wa jua, mviringo kabisa. Kelele zilizopigwa siku hiyo ziliwaamsha wagonjwa wodi ya pili, cheo kikatiwa sahihi kabla ya saa tisa, na Profesa akafua ovaroli, vibaya sana, mwezi mzima.

Wale waliozozana kwa ajili ya dakika mbili walifunga ndoa tarehe 18 Juni 1994, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1995, wa pili 1998 na kitinda mimba 2001, na wajukuu wanne. Mwaka 2006 Masizi alifanywa mkuu wa karakana, akastaafu mwaka 2021.

Mwezi Mei 2022 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa kwa zaidi ya miaka miwili, hadi tarehe 17 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, alipofariki akiwa na mume wake pembeni, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, miezi sita na siku nane. Wiki mbili kabla ya hapo, mdogo wake alimsomea historia hii kitandani, na kwa heshima yake alikuwa ameacha habari ya kosa lile, akaandika tu kwamba alikuwa fundi hodari. Dada alimkatiza na kusema, "Ukiliruka hilo bomba, mdogo wangu, utakuwa umesoma maisha ya mtu mwingine." Akamwamuru achukue kalamu, akamtajia tarehe zote bila kukosea.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani waliopika, waliofagia na waliokaa nasi, na wafanyakazi wa karakana, ambao wawili kati yao, baada ya kusikia kitakachosomwa, wamemfuata msomaji huyu asubuhi ya leo kumnong'oneza makosa yao ya wiki hii. Ameyasikia, anawashukuru, lakini yeye ni mwalimu wa darasa la kwanza, tafadhali wayapeleke kwa mkuu wa karakana kabla magari hayajatoka kesho.

Pumzika, Masizi, dada yetu, ulale kwa amani.