Kibali, Binti wa Meseji za Asubuhi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Mwenye kazi mkononi aendelee nayo, lakini anipe sikio moja. Leo tunamkumbuka binti wa miaka thelathini na moja. Kazi yake ilikuwa kutengeneza programu za simu. Ofisini walimwita Kibali, na mwishowe hata mama yake akalizoea jina hilo. Kibali aliugua siku nne. Siku ya tano hatukuwa naye.

Nitawasimulia polepole. Nikikwama kidogo, nisubirini.

Mama yake ni mshonaji. Anafanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yao. Cherehani iko dirishani, meza ya kukatia iko katikati, na chini ya ile meza ndiko Kibali alikokulia, akicheza na vipande vya vitambaa. Mama ananiambia: "Alikuwa mtoto wa hodi huyu. Kifungo kimeanguka sakafuni, hakiokoti mpaka aulize, 'Mama, naruhusiwa?' Nikamwambia, mama'ngu wewe, utaomba ruhusa mpaka ya kupumua?"

Tabia ile haikumtoka. Alikwenda nayo chuoni, akarudi nayo kazini.

Ofisi yao ni chumba kimoja, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Meza nne, feni moja inayolalamika. Meza ya dirishani aliigawana na mwenzake, kijana wanayemwita Subiri, kwa sababu ukimuuliza chochote anajibu, "Subiri kidogo." Kibali na Subiri walikaa meza moja miaka minne. Walitaniana miaka minne.

Siku moja alikuja muuguzi mkuu wa zahanati ya jirani. Alikuwa na shida. Wagonjwa wake wa majumbani wanasahau dawa. Wenye shinikizo la damu, wenye kisukari, wenye kifafa. Akauliza kama programu inaweza kuwakumbusha.

Kibali akasema inaweza. Lakini orodha ya dawa haikuwa mikononi mwa zahanati moja kwa moja. Ilikuwa kwenye mfumo wa kampuni nyingine inayotunza rejista za zahanati nyingi. Kwa hiyo programu ya Kibali ilipaswa kwenda kila asubuhi kubisha hodi kwenye mfumo ule wa watu, ionyeshe kwamba imeruhusiwa, ndipo ipewe jina la dawa na saa ya kuimeza. Watengenezaji programu wanaiita ile ruhusa tokeni. Yeye aliiita kibali. Ndipo jina lilipomkalia.

Na kila mgonjwa alipaswa kukubali mwenyewe. Hapo ndipo Kibali alipowachosha wenzake. Subiri anasema: "Sisi tulitaka muuguzi akae na simu, abonyeze 'Nakubali' mia tatu, tumalize kazi. Yeye akakataa katakata. Akaenda nyumba kwa nyumba. Miaka miwili, dada yangu, kila Ijumaa mchana, na viatu vyake vile vya raba."

Muuguzi alimsindikiza mara nyingi. Anakumbuka nyumba ya mzee mmoja, dereva mstaafu, mkali kama pilipili. Mzee akauliza, "Ukishasoma dawa zangu, utasoma na ugonjwa wangu?"

"Hapana, babu. Nimeomba jina la dawa na saa tu. Mengine sikuomba."

"Kwa nini hukuomba? Umbea huupendi?"

"Naupenda sana, babu. Ndiyo maana sikuomba."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kisha akamwambia, basi nibonyezee. Kibali akamshika mkono, akampeleka kidole mpaka juu ya kioo cha simu, akamwachia hapo. Kidole kikabonyeza chenyewe.

Hivyo, mmoja mmoja, walifika watu mia tatu na kumi na wawili. Wasikilizaji, narudia: mia tatu na kumi na wawili. Kila mmoja alipata meseji yake kwa saa yake.

Sasa nije kwenye kosa. Mama yake ameniruhusu nilitaje, na Subiri ameniomba nilitaje.

Wiki ya kwanza, programu ilikuwa na wagonjwa watano tu, ya kujaribia. Kibali akaisajili kwenye mfumo ule kwa akaunti yake binafsi. Jina lake, nywila yake, simu yake. Ilikuwa haraka zaidi, basi. Akabandika karatasi ya njano pembeni mwa kompyuta: "Hamishia jina la ofisi, wiki ijayo." Subiri anasema karatasi ile ilikaa pale miaka miwili mpaka ikawa nyeupe. Kila siku tisini kibali kinakwisha, Kibali anaingia, anakihuisha kwa sekunde kumi, anaendelea na chai yake. Nani angekumbuka kuhamisha kitu kinachofanya kazi?

Kisha akaugua. Kichwa, homa, shingo kukakamaa. Siku nne.

Walipomzika, kibali kilikuwa kimebakiza siku sitini. Baada ya hapo mfumo ungeuliza tena: mwenye akaunti yuko wapi? Na hakuna ambaye angejibu. Watu mia tatu na kumi na wawili wangeacha kupata meseji siku moja, asubuhi moja.

Subiri aliandikia kampuni ile. Wakamjibu kwa upole. Vile vibali vyote vilitolewa na wagonjwa kupitia akaunti ya marehemu. Vinaweza kuhamia kwa ofisi, bila kuwasumbua wagonjwa upya, kwa njia moja tu. Ndugu wa karibu athibitishe kwamba mwenye akaunti amefariki. Athibitishe, kisha akubali akaunti ifungwe moja kwa moja.

Ndugu wa karibu ni mama. Subiri akaenda kwa mama na kompyuta begani, akidhani ni kazi ya dakika tano.

Hakujua kuhusu meseji za mama.

Wasikilizaji wapendwa, mama huyu naye ana shinikizo la damu. Lakini hakuwa kwenye orodha ya zahanati. Binti yake hakumwandikia meseji kama za watu wengine. Alimwandikia kwa mkono wake, akaziweka ndani ya akaunti yake ile ile, nyingi kwa pamoja, na kila siku saa moja asubuhi moja inatoka. Hazikuhitaji rejista ya mtu. Hazikuhitaji kibali cha siku tisini. Siku za msiba simu ya mama ilizimwa. Ilipowashwa, meseji tisa ziliingia kwa mpigo.

"Nilipiga kelele," mama ananiambia. "Majirani walivunja mlango wa uani."

Tangu siku hiyo, kila saa moja asubuhi, moja ikawa inaingia. Mpya. Haikuwahi kujirudia. Mama akawa anazinakili kwenye daftari la vipimo vya wateja, kati ya viuno vya watu na urefu wa mikono. Amenionyesha. Nawasomea mbili tatu, kwa ruhusa yake.

"Mama, dawa kwanza, cherehani baadaye. Usinidanganye, nakujua."

"Mama, ukiinuka kitandani usiinuke kwa pupa. Nyumba haikimbii."

"Mama, kidonge kichungu? Pole. Wewe si ndiye uliyenibana pua nikiwa na miaka sita?"

Sasa mnaelewa Subiri aliingia nyumba gani.

Mama alimuuliza, "Mkifunga hiyo akaunti, hizi zitaendelea kuja?"

"Hapana, mama."

"Basi zitoe kwanza. Zinakili."

"Siwezi kuziona, mama. Amezifungia kwa nywila yake. Hata kampuni wenyewe hawazioni."

"Zimebaki ngapi?"

"Sijui. Labda mbili. Labda mia."

"Miaka minne meza moja, na hukuwahi hata kuchungulia?"

"Mama, ningechungulia yule angenikata vidole."

Mama akacheka. Akacheka, halafu akasimama, akamfungulia mlango. "Nenda, mwanangu. Waambie hao wagonjwa wanunue saa za kengele."

Alikataa. Narudia kwa sababu mama ameniambia nisimpambe. Alikataa wiki ya kwanza. Alikataa wiki ya tatu, Subiri alipokuja na muuguzi. Muuguzi alianza kueleza habari za wagonjwa, mama akawasha cherehani, akashona kitambaa kitupu mpaka wakaondoka. Wiki ya sita hakufungua mlango.

Nilimuuliza mama, ulikuwa unafikiri nini? Alinijibu akiangalia mikono yake. "Nilikuwa nafikiri kwamba nimemzaa mmoja. Hao mia tatu wana watu wao."

Zilipobaki siku tisa, mama alikwenda zahanati kupimwa shinikizo. Alikwenda kwa ajili yake tu. Akakaa benchi, kando ya mwanamke mwenye mtoto wa kike wa miaka kama saba. Mtoto akasema, "Mama, dawa yangu." Mwanamke akaangalia simu. "Bado, yule dada hajatuambia."

Mama akauliza, "Dada gani?"

"Yule wa kwenye simu. Anatukumbusha dawa ya kifafa. Zamani huyu alikuwa ananiangukia kila wiki, shangazi. Jikoni, barabarani, popote. Mimi nauza sokoni, akili imejaa, nasahau. Sasa miezi saba hajaanguka."

"Unamjua huyo dada?"

"Simjui. Alikuja nyumbani mara moja tu. Mpole, ana raba. Nadhani ni muuguzi wa hapa. Nilitaka nimletee hata matunda, kila nikija simkuti."

Simu ikalia. Mwanamke akamfungulia mtoto chupa ya dawa. Mtoto akameza, akakunja uso, akamwonyesha mama yetu ulimi kuthibitisha kwamba dawa imemezwa.

  Mama aliitwa ndani, akapimwa, shinikizo likawa juu sana, muuguzi akamlaza saa nzima bila kumuuliza sababu. Aliporudi nyumbani akampigia Subiri. "Kesho njoo na hiyo kompyuta yako. Lakini uje baada ya saa moja. Saa moja ni yangu."

Asubuhi hiyo mama aliamka mapema, akaoga, akavaa gauni la kutokea. Akakaa na simu kwenye meza ya kukatia. Alijua ni ya mwisho. Alitegemea, ameniambia, pengine itakuwa neno kubwa. Wosia. Kitu cha kushika.

Saa moja kamili ikaingia. Ilisema hivi:

"Mama, leo sina cha kuandika, nimechoka. Meza tu. Jioni nitapita."

Samahanini, wasikilizaji.

Subiri alifika saa mbili kasoro. Alimkuta mama amekaa vile vile. Fomu ya kampuni ilikuwa na maswali matatu. Uhusiano wako na mwenye akaunti. Mama akasema, andika mama. Tarehe ya kufariki. Mama akaitaja, na Subiri anasema ndiyo mara ya kwanza kumsikia akiitamka. La tatu: unakubali akaunti ifungwe, na vyote vilivyomo vifutwe? Mama akauliza, "Akiwa na nyingine humo, ndizo zinafutwa sasa hivi? Nikibonyeza?"

"Ndiyo, mama."

"Na yule mtoto wa kifafa atapata yake kesho?"

"Atapata."

Mama akabonyeza. Kisha akamwambia Subiri aende kazini, akamwomba amrudishie mlango taratibu.

Jioni ile mlango wa mama ulikuwa wazi. Alikuwa na akili zake timamu, wasikilizaji, alijua anachokijua. Lakini binti alisema atapita, na mama aliona vibaya kumfungia. Alikaa kizingitini mpaka jirani alipomfuata na shuka.

Kesho yake, kuanzia alfajiri, simu mia tatu na kumi na mbili ziliita, kila moja kwa saa yake. Muuguzi alizihesabu kwenye kioo cha kompyuta yake. Hakuna iliyokosa. Saa moja ikafika, ikapita. Simu ya mama haikuita.

Kwa niaba ya kituo chetu, natoa pole kwa mama. Natoa pole kwa Subiri, anayesema sasa meza ni kubwa mno. Natoa pole kwa wenzao wa ofisini, kwa muuguzi mkuu, na kwa kila mgonjwa ambaye leo ndiyo kwanza amejua kwamba yule dada amefariki. Najua mpo mnaosikiliza. Yule mama wa sokoni, kama ni wewe, nyumba ya mshonaji muuguzi atakuelekeza. Ukienda na mtoto itakuwa vizuri.

Na sisi wengine tujiulize. Kuna kazi gani inayowafaa watu, na imesimama kwa jina langu peke yangu? Kuna ufunguo gani ninaoujua mimi tu, na kila siku nasema wiki ijayo? Mwite mwenzako leo. Mwonyeshe. Kibali alikuwa mwangalifu kuliko wengi wetu, na wiki ijayo haikumfikia.

Mama, najua unatusikiliza, uliniambia utaiweka redio karibu na cherehani. Nimesoma meseji zile kama ulivyonituma, neno kwa neno. Zilizofutwa hatutazijua. Zilikuwa zako, na umezitoa.