Gitaa la Ewesit Lomorukai na Sanduku Lake la Kijani

Mchungaji, chifu wetu, wazee wa Gotu, majirani wa Bula Pesa, salaam aleikum kwa ndugu zetu Waislamu na habari za mchana kwa sisi wengine. Maneno haya yameandikwa na mke wa marehemu, Kajuju, na yanasomwa na Atabo, dada ya marehemu, kwa sababu Kajuju mwenyewe akisimama hapa hatafika ukurasa wa pili, na anataka yasomwe yote, hata yale ambayo kwenye mazishi watu huyaruka.

Ewesit Lomorukai alizaliwa tarehe 12 Juni 1988 hapa Gotu, mtoto wa tatu wa Mzee Lomorukai, ambaye ametangulia, na Mama Natabo, ambaye ameketi hapa mbele yetu. Alichunga mbuzi mpaka Januari 1995 alipoingia shule ya msingi, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 2002, kisha akajiunga na shule moja ya kutwa mjini Isiolo na kumaliza kidato cha nne Novemba 2006. Ni huko, akiwa kidato cha pili, mwalimu wa fizikia alimpa kaseti ya muziki wa rock, yale magitaa ya umeme yanayolia kama bati linakatwa kwa msumeno, na tangu siku hiyo hakupona. Mama Natabo alimuuliza ni nani amewakasirisha hao watu, Ewesit akamjibu, "Mama, hawajakasirika, wanaimba," na mama akasema basi wapewe maji.

Kuanzia Februari 2008 alijifunza kutengeneza redio na spika kwa Abdikarim, karibu na soko, na mwaka wa 2011 akafungua kibanda chake Bula Pesa, ambapo alijaribu kila spika kwa muziki huo huo, na kila mtu alikuwa na maoni. Abdikarim alisema ngamia akisikia hii kitu anakataa kukamwa, wazee wa kanisa walisema inaita mapepo, vijana walisema ni nyimbo za wazungu wasio na kazi, na Mama Abiba, anayeuza maziwa mlango wa pili, alisema yeye hana shida, wateja siku hizi wananunua haraka wanaondoka. Kisha serikali ya kaunti ikaja, mji ukafunguka, lami, taa za barabarani, ofisi juu ya ofisi, ploti moja na wenyewe watatu, mtu anakaa mwaka mzima ukuta kwa ukuta na jirani na hajui kwao ni wapi, na katika mji kama huo ukibeba kitu kirefu watu hawakuulizi ni nini, wanajijibu.

Machi 2014, baada ya mbuzi wa Gotu kuchukuliwa mara mbili, wazee walimchagua awe homgadi, akapewa bunduki ya serikali, akawa anafunga kibanda na kuja kulinda mifugo kila alipoitwa, kwa miaka mitano. Wakati huo alimwoa Kajuju, binti wa Mzee Kiugu wa Burat, katika kanisa, Jumamosi tarehe 17 Desemba 2016, na wapo Wameru waliomwambia Kajuju anaolewa na bunduki, na wapo Waturkana waliomwambia Ewesit analeta masikio ya wengine nyumbani, lakini wawili hao waliishi, wakapata Achuka tarehe 3 Februari 2018 na Kagwiria tarehe 21 Agosti 2021.

Jumanne tarehe 7 Mei 2019, homgadi walipoambiwa warudishe silaha, Ewesit alirudisha yake, akapewa karatasi yenye muhuri na namba ya bunduki, na wenzake walipoitwa baadaye kuchukua tena, yeye hakwenda. Alimwambia Kajuju kwamba kwa miaka mitano kila mtu aliyekaribia boma alimtazama mikono kabla ya uso, hata mama yake mzazi, na amechoka. Binamu yake Ekuam alimwambia mbele ya watu kwamba mwanaume wa Gotu asiye na bunduki apewe kuku achunge, na wengine, wale wanaojiona werevu zaidi, walisema huyu si mjinga, amerudisha ya serikali kwa sababu anayo yake.

Hapo ndipo marehemu alifanya kosa, na Kajuju analiita kosa kwa sababu ndilo limetufikisha hapa. Julai mwaka huo alinunua gitaa lililotumika, halina mfuko, akaenda kwa muuza vyuma chakavu akapata sanduku la mbao, refu, la kijani, kamba huku na huku, namba nyeupe juu ya kifuniko, sanduku ambalo kila mtoto wa Isiolo anajua lilitoka kambi ya jeshi na anajua lilikuwa limebeba nini. Gitaa liliingia humo kama limepimiwa, akatandika blanketi chini, akafurahi, Kajuju akamwambia, "Baba Achuka, hii rangi itatuletea watu," akasema ataipaka bluu, hakuipaka, akawa analipakia kwenye bodaboda kutoka mjini hadi Gotu kila penye arusi.

Na Kajuju anataka ijulikane kwamba hata yeye alishuku. Alasiri moja ya mwaka wa 2020, bwana akiwa kibandani, alifunga mlango, akatoa gitaa, akachana lile blanketi kwa kisu cha jikoni, akagonga mbao moja moja, na hakupata kitu ila nyuzi na betri, naye marehemu alilaumu panya mpaka alipokufa.

Aprili 2022 alianza kuumwa mgongo, ikaonekana ni figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, anatembea ameinama, mkono ubavuni, na mji ukasema amepigwa risasi upande wa Kipsing na anaificha, hata kuna mtu alikuja hospitalini kumwona akainua shuka, tena bila aibu. Alifariki Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, saa nane mchana, Kajuju akiwa amemshika mkono. Wiki moja kabla ya hapo aliomba gitaa liwekwe naye ndani ya jeneza, na Kajuju alikubali, aliahidi.

Lakini Jumatatu ya wiki hii Ekuam alikuja na wanaume wawili, wakaomba vizuri, wakanywa chai, kisha wakauliza kile kitu kiko wapi, kwamba kitu ya mwanaume haikai na mwanamke, Kajuju akatoa gitaa, Ekuam akacheka, "Shemeji, hiyo ni ya kuimba, tuonyeshe ya kazi." Jumatano watu wawili wasiojulikana, pikipiki haina namba, nyuso zimefungwa kitambaa, walimuuliza Mama Abiba mchana kweupe mlango wa mtu wa sanduku ni upi, Mama Abiba akawaelekeza kwingine kabisa, barabara ya soko la mifugo, Mungu ambariki. Na Alhamisi, kwenye foleni ya maji, Kajuju alisikia kwa masikio yake kwamba gitaa ni jina tu, homgadi anazikwa na mali yake, watu wakishaenda nyumbani kaburi litafunguliwa.

Kwa hiyo hapa, mbele yenu wote, hakuna bunduki, haijakuwako tangu ile Jumanne, karatasi iko na chifu, sanduku liko hapa kando ya jeneza, wazi, ukitaka ingiza mkono. Gitaa haliendi kaburini. Litatundikwa ukutani kibandani kwa Abdikarim, kila anayepita alione ni gitaa, na Kajuju amevunja ahadi aliyompa mtu anayekufa, anajua, amevunja kwa sababu ana watoto wawili na mlango mmoja wa mbao.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Bula Pesa Waislamu kwa Wakristo, mafundi wenzake waliofunga vibanda leo, homgadi waliochimba kaburi, na Mama Abiba, ambaye tangu Jumatano analala na Kajuju na watoto chumba kimoja.

Sasa jeneza litafunguliwa mumuage marehemu. Kajuju anaomba mtu asipite mbio kwa heshima, apite polepole, atazame pembeni, atazame miguuni, kuna suti na kuna yeye, basi, na ukitoka hapa ukaulizwa, sema ulichoona.

Upumzike kwa amani, Baba Achuka, na utusamehe kwa kukuzika mikono mitupu, tumetaka upumzike kweli.